Jasho Lisiloonekana





Hivi karibuni tulialikwa hitima mtaani Lindi, mojawapo ya vijiji vya Kibera, Nairobi. Kibera si ugenini kwa Waislamu. Ndugu zetu Wanubi, kizazi cha askari wa King's African Rifles, wamekaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baada ya dua, mama mmoja mwenye asili ya pwani alitusogelea akasema, "Maalim, nisaidie kumnasihi binti yangu. Usiku kucha yuko mbele ya kompyuta akichezea rangi. Wenziwe wametafuta kazi, yeye yuachora mabango."

Binti akaitwa. Alikuja kwa adabu, akatuamkia, akatuonyesha kazi zake: kadi za harusi, vibandiko vya chupa za asali, ratiba za Ramadhani. Miongoni mwazo tuliliona tangazo la Maulidi ya madrasa yetu. Tulikuwa tumeliagiza kwa simu kupitia kwa jamaa, bila kujua ni mkono wa nani uliolichora, tukasema ni kazi ndogo na kwamba Mwenyezi Mungu atamlipa mwenye kuifanya. Hatukutoa hata senti moja. Tulikuja kunasihi, tukanasihika sisi.

Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kusahihisha baadhi ya dhana zilizoenea juu ya kazi hii ya usanifu wa michoro, ambayo vijana huiita dizaini.

Dhana ya kwanza ni kwamba kompyuta ndiyo ifanyayo kazi. Kompyuta ni kalamu, na kalamu haiandiki yenyewe. Ibn Muqla, aliyefariki Baghdad mwaka 940, alisifika kwa kuzipima herufi za Kiarabu kwa nukta za kalamu, hata kila herufi ikawa na urefu na upana wake. Tazameni pia Msahafu wa Madina ulioandikwa na khattati Uthman Taha: kurasa 604, mistari 15 katika kila ukurasa isipokuwa miwili ya mwanzo, na kila ukurasa hukoma pale inapokoma aya. Mwenye kuhifadhi aijua neema hiyo. Haikutokea kwa bahati, bali ilipangwa kwa akili na subira.

Dhana ya pili ni kwamba kazi hii ni mapambo tu. Mama zetu, nyinyi mmeuvaa usanifu huu maisha yenu yote. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Aliyeichora hana budi kuamua pindo liwe pana kiasi gani, mji ubebe nini, na jina likae wapi lipate kusomeka mtu anapotembea. Ndiyo maana kanga za nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, zenye alama ya "Mali ya Abdulla", zinatambulikana zikiwa mbali. Bango nalo ni vivyo hivyo. Binti yule alitueleza kwa upole kwamba tulimpelekea majina ya wageni wa heshima kwa herufi kubwa, na tarehe tukaitia chini pembeni. Yeye aliipandisha juu tarehe, pamoja na saa na mahali. Siku zile tulinung'unika. Leo twafahamu kwamba mtu apitaye njiani hulitazama bango kwa nukta chache tu, na asipoiona siku ya shughuli, hatokuja.

Dhana ya tatu ni kwamba ni kazi ya dakika tano. Kioo cha simu huumba rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya chapa hutumia wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi. Kijani king'aacho simuni chaweza kutoka kimefifia karatasini. Picha iliyopitishwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa, na ikichapwa bangoni hutoka kama iliyofunikwa na ukungu. Zito kuliko yote ni kwamba programu isiyoandaliwa kwa Kiarabu huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto, Bismillahi ikawa si Bismillahi tena. Msanifu mjuzi huliona kosa hilo kabla halijachapwa mara elfu moja.

Dhana ya nne ni kwamba kazi hii haimfai mwanamke wa Kiislamu, au kwamba yote ni haramu kwa sababu ya picha. Hitilafu ya wanazuoni juu ya picha za viumbe wenye roho yajulikana, na kila mmoja ashike fatwa ya masheikh anaowaamini. Lakini herufi, mistari, maua na rangi havimo katika hitilafu hiyo. Ama kuhusu wanawake, Bi Fatima bint al-Hasan wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1087, aliandika kwa mtindo wa bingwa Ibn al-Bawwab, naye ndiye aliyeteuliwa kuandika hati ya mapatano iliyopelekwa kwa mfalme wa Rumi.

Sasa turudi kwenye ujira. Sote tumefunzwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Je, jasho lisiloonekana halina haki? Aketiye usiku kucha macho yakimuuma ametoka jasho. Kumwambia "Mungu atakulipa" huku sisi tuna cha kumlipa ni kumsukumia Mola deni letu. Akitaka kutoa sadaka, na atoe kwa hiari yake, si kwa haya ya kumkatalia sheikh.

Basi twawausia wazazi na wenye shughuli: patana bei mapema, kubalianeni masahihisho yatakuwa mara ngapi, toa arubuni, na yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandika madeni. Nanyi wasanifu, kazi ni amana. Msichukue mchoro wa mwenzenu mkauita wenu, msivunje ahadi ya siku, wala msiitangaze kamari na pombe kwa ajili ya malipo manono.

Kabla hatujaondoka Lindi tulimlipa binti yule deni lake na kumwomba radhi. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea, akampa mamake zile fedha zote. Mama alizihesabu taratibu, kisha akatuuliza, "Maalim, hizi ni za bango moja tu?" Tukamjibu kwamba ni za bango moja, na kwamba zimechelewa.

Mola atujaalie tuwe wenye kutimiza haki za watu. Wabillahi tawfiq.