Tanuri la Mkaa ni Somo la Kemia

Mwanafunzi akiulizwa etha ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni kioevu kilichotumika zamani kuwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni finyu. Alama ya etha ni atomi ya oksijeni iliyoshika kikundi cha alkili au arili kila upande. Viungo vya namna hiyo vimejaa katika miti inayochomwa mkaa kandokando ya Katoro, mkoani Geita.

Takriban robo ya uzito wa mti mkavu ni lignini, gundi inayoupa mti ugumu wake. Zaidi ya nusu ya viungo vinavyoshikanisha vipande vya lignini ni vya etha. Joto la tanuri likivuka nyuzi 250 hivi za Selsiasi, viungo hivyo huanza kukatika, kwa kuwa ni dhaifu kuliko pete za kaboni. Vipande vidogo huruka na moshi. Pete husongamana zikawa mkaa. Kimojawapo cha vipande hivyo ni gwayakoli, inayochangia harufu ya samaki wa kubanikwa wa Ziwa Viktoria.

Mwaka 1927 Hinshelwood na Askey, wa Uingereza, walichunguza etha ndogo kuliko zote, yaani etha ya dimethili, kwa kuipasha joto kali. Molekuli moja hatimaye huzaa tatu: methani, hidrojeni na monoksidi ya kaboni. Gesi hizo tatu zimo pia katika moshi wa tanuri. Zote ni nishati inayopotea, na ya tatu ni sumu inayoua.

Hapa ndipo elimu inapohitajika. Tanuri la udongo la kienyeji, kwa kawaida, hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kilo 100 za kuni kavu. Joto likipanda haraka, vipande vilivyokatika hutoroka vikiwa lami na moshi. Likipanda polepole, vingi huungana tena na kuongeza mkaa. Kuni mbichi hula joto kwa kukausha maji, na ufa usiozibwa huingiza hewa inayogeuza mkaa kuwa majivu.

Wapo watakaosema kwamba kufundisha hayo ni kuhimiza ukataji wa miti. Hoja hiyo haina nguvu. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo matanuri yataendelea kufuka, na kila gunia lililopotea kwa ujinga hudai mti mwingine.

Basi mwalimu wa kemia hana budi kuwapeleka wanafunzi tanurini. Wasimame upande upepo utokako, wapime uzito wa kuni na wa mkaa, kisha waulize: kilichopungua kimekwenda wapi?