Misuli haiuzwi duka la dawa

Kuanzia Mbagala hadi Tandale, vijana wananyanyua vyuma vya kujitengenezea kwa bomba na makopo yaliyojazwa zege. Ni jambo jema. Tatizo huanza pale kijana anapouonea aibu mwili wake, akataka kujaa haraka na kununua vidonge vya deksamethasoni bila cheti cha daktari.

Dawa hii ina kazi yake hospitalini. Lakini uso unaojaa kwa vidonge hivyo ni mafuta na maji. Misuli yenyewe hupungua. Sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika.

Mzazi, ukivikuta chumbani kwake usivitupe kwa hasira. Aliyevitumia kwa wiki kadhaa akiacha ghafla, tezi zilizo juu ya figo huenda zisitoe homoni za kutosha; anaweza kuishiwa nguvu, kuzimia, hata kufa. Mpeleke kituo cha afya pamoja na pakiti, daktari ampunguzie dozi taratibu.

Misuli hujengwa kwa mazoezi, maharage, dagaa, mayai na usingizi, tena kwa miezi. Nasi tuache kuwaita watoto wetu "kimbaumbau". Safari ya kwenda kununua vidonge inaweza kuanzia kwenye kejeli za nyumbani.