UCHAMBUZI: Mpangaji anataka kodi nafuu, Serikali inamuuzia nyumba

Ushuru wa nyumba unakatwa kila mwezi: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa anayelipwa Sh30,000 hiyo ni Sh450. Si pesa nyingi ukiziangalia peke yake, ila anayekatwa ndiye huyo huyo ambaye tarehe tano mwenye ploti anamgongea mlango.

Hapo ndipo malalamiko ya wapangaji wengi yalipo. Hawapingi ujenzi. Nani atakataa nyumba ya mawe yenye maji na choo ndani? Swali lao ni moja tu: hizi nyumba zinanisaidiaje mimi ninayepanga leo?

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya familia saba katika kila kumi mijini zinaishi nyumba za kupanga. Lakini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamwona raia kama mnunuzi. Hata zile nyumba za kijamii, zilizotengewa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, ni za kununua polepole. Chumba cha mita 20 za mraba kiliwekewa bei ya Sh640,000. Sheria hiyo ilitaja malipo ya mwanzo ya asilimia 10, yaani Sh64,000. Mama mboga wa Mukuru atazitoa wapi? Sawa, kuna mpango wa kuweka akiba kidogo kidogo kupitia Boma Yangu, lakini akiba hiyo inatoka mfuko ule ule wa kodi, karo na mtungi wa maji.

Wapo wanaoshukuru. Mnamo Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 huko Mukuru. Aliyepata analipa kila mwezi kama alivyozoea kulipa kodi, tofauti ni kwamba mwishowe nyumba inakuwa yake. Hilo ni jambo kubwa, tusilibeze. Ila Mukuru ina familia zipatazo 100,000. Wengi watabaki kwenye mabati miaka mingi, na wakiwa huko ni wapangaji tu. Mwenye kibanda mara nyingi haishi hapo. Tingatinga likija, yeye anadai fidia ya mabati yake. Mpangaji anabeba godoro.

Wana Kibera wana kumbukumbu zao pia. Nyayo Highrise ilijengwa pale pale, ikaishia mikononi mwa wenye uwezo. Kisha zikaja nyumba 822 za Soweto Mashariki mwaka 2016, na baadhi ya waliopewa wakazipangisha, wao wakarudi vibandani. Watu waliwacheka, lakini hesabu yao ilikuwa rahisi: kodi ya nyumba nzuri inalisha familia. Sheria ya sasa inakataza kuuza bila idhini ya Bodi. Kupangisha kimyakimya ni vigumu zaidi kuzuia.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana kwenye mikutano ya kukabidhi funguo. Sheria ya kudhibiti kodi, ambayo ndiyo ingemlinda mpangaji wa kawaida, inagusa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nyumba gani hiyo Nairobi ya leo? Hata vyumba vya mabati vingi vimepita hapo. Kwa hivyo barabara ikiwekwa lami na mwenye ploti akaongeza Sh1,500 ghafla, jopo la kusikiza kesi za kodi halina la kukufanyia.

Serikali ingeweza kutenga sehemu ya nyumba hizi kwa kupangisha tu, kodi ikiwa imewekewa kikomo, kwa wale ambao hawatawahi kufikisha Sh64,000. Na kile kiwango cha Sh2,500 Bunge linaweza kukipandisha bila kungoja jengo hata moja likamilike.