Puti si Bati

Kuna usemi umeenea siku hizi hapa Makote na vijiji jirani, nami nimechoka kuusikia: kwamba mlango wa gari kuukuu ukibonyea dawa yake ni puti na rangi, na atakayefanya zaidi ya hapo ni mzee asiyejua thamani ya fedha. Mzee huyo ni mimi. Msomaji anivumilie nikijibu, kwani nilisimama mbele ya darasa zaidi ya miaka thelathini na bado sijajifunza kusema kwa ufupi.

Gari langu ni Land Rover Series III, aina iliyoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nililinunua kuukuu, kwa fedha za korosho. Mwaka juzi nilikuwa narudi nyuma, mlango wa kushoto u wazi, ukashikwa na shina la mkorosho na kupinda. Kosa lilikuwa langu, si la mkorosho. Nikalipeleka kwa fundi kijana anayesifiwa kwa wepesi. Siku ya pili akaniita: "Shikamoo, Mwalimu. Njoo uone, limekuwa jipya." Kweli liling'aa. Nikapitisha kiganja, sikukuta bonde wala mwinuko. Nikalipa, nikashukuru.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunateremka kutoka uwanda wa Newala kwenda Masasi. Wanaoijua teremko ile hawahitaji maelezo. Kwenye kona mlango ukafunguka wenyewe. Mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye aliyekaa upande huo. Nilimdaka shati kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani, na mpaka leo sijui gari lilisimamaje. Goti lilichubuka, shati likachanika begani. Basi.

Fundi mzee wa Masasi ndiye aliyenionyesha kilichokuwa chini ya ile rangi. Mlango wa Land Rover ni vitu viwili: ndani fremu ya chuma, nje ngozi ya bati la alumini, kingo zake zimekunjwa kuikumbatia fremu. Gari hilo lilipotoka mara ya kwanza, mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilipatikana kwa mgao, ndiyo maana wakatumia alumini. Sasa yule kijana hakuigusa fremu kabisa. Ilibaki imepinda vilevile, kitasa kikawa kinashika kwa ncha tu. Yeye alijaza shimo kwa puti, akapiga msasa, akapaka rangi ya kijani. Na usidhani ningemkamata kwa sumaku, kama wanavyofanya wanunuzi wa magari ya bati la chuma, maana sumaku haishiki alumini. Ningepaswa kugonga kwa kidole na kusikiliza. Sikugonga.

Mzee alichukua siku nne. Aliikwangua puti yote, akazifungua kingo polepole, akaitoa ngozi, akainyoosha fremu juu ya sakafu akiipima pembe hadi pembe kwa kamba. Kisha akafanya jambo ambalo ningelipenda kila mwanafunzi wangu wa sayansi aliona. Alumini ikigongwa mara nyingi hukakamaa, mwishowe hupasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto; lakini haiwi nyekundu kama chuma ili ikuonye, hufika nyuzi 660 ikayeyuka ghafla mbele yako. Mzee aliipaka sabuni ya kufulia, akaichoma taratibu kwa gesi, akaitazama sabuni. Ilipogeuka nyeusi akaondoa moto. Akaiacha ipoe, akailaza juu ya mfuko wa mchanga, akaigonga kwa nyundo ya mti. Kabla ya kuirudisha aliipaka fremu rangi nzito, kwa sababu chuma na alumini vikigusana na maji yakaingia kati, alumini huliwa ikawa unga mweupe.

Alinitoza zaidi ya mara mbili ya yule wa kwanza. Hapo ndipo majirani walipocheka.

Nawauliza: mnacheka nini? Kule Uingereza wako wazee wa umri wangu wanaotunza magari madogo ya michezo, kama MGB, lililoacha kuundwa mwaka 1980. Mlango ukioza wanaivua ngozi, wanavalisha mpya juu ya fremu ileile, na majarida yanawapiga picha. Wao wakifanya hivyo tunasema wanaheshimu historia yao. Mzee wa Masasi akifanya vilevile, tunasema umaskini.

Najua nitaambiwa hata Ulaya hutumia puti. Ni kweli. Huipaka nyembamba, kusawazisha bati ambalo limekwisha kunyooshwa. Hilo silipingi. Ninalolipinga ni kuifanya puti iwe bati.

Wala simlaumu kijana peke yake. Alijifunza wapi kwamba kazi ni kung'aa? Nikiwa mwalimu mkuu, tuliposikia wakaguzi wanakuja tulipaka chokaa kuta zenye nyufa. Kwenye maonyesho ya kazi za mikono nilitoa zawadi kwa kiti chenye vanishi nzuri. Sikukikalia hata kimoja. Sisi, watu wa mpingo na tezo, ambao wachongaji wetu hutambua ubovu wa gogo kabla ya kuligusa! Vijana wale walinitazama ninavyotoa alama, wakaelewa.

Kipande kikubwa cha ile puti ninacho mezani hapa ninapoandikia. Nimekipima kwa rula: milimita 14. Yule kijana alikuja kunipa pole, akakiona, akaniomba nikitupe. Nikamwambia nitakitupa siku atakayokwenda Masasi kumwona mzee akichoma sabuni. Nauli nitalipa mimi. Bado hajasema lini.