Faida ya Mkokoteni wa Soseji

Juma hili tutazame biashara moja ndogo ya Marekani, ambayo watu huidhani nyepesi kuliko ilivyo.

Katika njia za mji wa New York husimama mikokoteni ya chuma yenye miavuli. Ndani ya mkokoteni mna chombo cha maji ya moto, na ndani ya maji mna soseji. Mwuzaji hutoa moja, huitia katika mkate laini uliopasuliwa, huipaka haradali, kisha humpa mpita njia, naye huila akitembea. Chakula hiki huitwa hot dog, maana yake «mbwa moto». Lakini msiogope: nyama yake ni ya ng'ombe au ya nguruwe!

Wenye kuuona mkokoteni huo husema: «Kazi hii ni rahisi. Hapana nyumba, hapana meza, hapana sahani za kuosha. Feza yote ni faida.» Je, wasema kweli?

Kwanza sikilizeni habari za watu wawili. Charles Feltman alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani. Mnamo mwaka 1867 alianza kuuza soseji za moto ndani ya mkate kwa mkokoteni, kule Coney Island, pwani ya New York. Biashara ikakua, hata akawa na nyumba kubwa ya kulia chakula. Miaka mingi baadaye, nyumba hiyo ilimwajiri kijana mmoja aliyetoka Poland, jina lake Nathan Handwerker. Huyo alitunza mshahara wake, na mwaka 1916, kwa dola 300 za akiba, akafungua kibanda chake mwenyewe karibu na pale. Kwa Feltman soseji moja iliuzwa senti 10. Nathan akaiuza senti 5.

Watu walifanya nini? Walitia mashaka. Walisema: «Chakula cha bei ndogo hivi ni nyama gani?» Husimuliwa ya kwamba Nathan aliwavika watu makoti meupe kama waganga, wakala mbele ya kibanda chake ili wapita njia wapate kuamini. Hila hiyo siisifu. Lakini yatufundisha jambo moja: mnunuzi hutazama usafi kwanza, na bei baadaye. Mwaka 1920 treni ya mji ikafika Coney Island, ikileta watu wengi sana kwa nauli ya senti 5. Nyumba ya Feltman ilifungwa mwaka 1954. Kibanda cha Nathan kingali kikiuza pale pale.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Tuseme, kwa mfano tu, mtu auza soseji moja kwa dola 3. Soseji yenyewe, mkate, haradali na karatasi vimemgharimu dola 1. Amebakiwa na dola 2. Siku hiyo ameuza 100. Mpumbavu husema: «Nimepata dola 300!» Mwenye akili kidogo husema: «Nimepata 200.» Mwenye akili kamili hunyamaza, huendelea kutoa.

Atoe dola 40 za gesi, za barafu na za ghala ambamo mkokoteni hulazwa na kuoshwa, kwa maana sheria ya mji hairuhusu kuuweka nyumbani. Zimebaki 160. Je, leseni? Tangu mwaka 1983 mji wa New York uliweka kikomo: leseni za mikokoteni ya chakula zisizidi 3,000 hivi. Waliozipata waliilipa serikali ya mji dola 200 kwa miaka miwili. Wengine wakakaa kitako, wakawakodisha maskini leseni hizo kwa siri, kinyume cha sheria, hata kwa dola 20,000 kwa miaka hiyo miwili. Ikiwa mwuzaji wetu hufanya kazi siku 200 kwa mwaka, kwa sababu ya mvua na theluji, basi kila siku ya kazi leseni hiyo humla dola 50. Zimebaki 110.

Sasa tuhesabu saa zake. Ameamka kabla ya mapambazuko, amesukuma, ameuza, ameosha: saa 11. Basi amepata dola 10 kwa saa, na mwaka 2020 sheria ilimkataza tajiri wa mji ule kumlipa mfanyakazi chini ya dola 15! Ameitwa mwenye biashara, kumbe ni mtumishi wa mtu asiyeonekana. Leseni ingekuwa yake mwenyewe, ingemgharimu nusu dola tu kwa siku. Kwa ajili ya uovu huo, mwaka 2021 baraza la mji lilipitisha sheria ya kutoa leseni mpya kila mwaka, na mwenye leseni hiyo sharti awepo mwenyewe mkokotenini.

Mahali pazuri nako kuna bei yake. Mwaka 2013 ilijulikana ya kuwa mwuzaji mmoja huilipa serikali ya mji dola 289,500 kwa mwaka, apate kusimama karibu na bustani ya wanyama katika Central Park. Mahali penye watu wengi si faida bado. Ni nafasi ya kuipata.

Basi, nawe msomaji uuzaye chochote, shika haya matatu. Chakula cha moto kiwe moto kweli: soseji isishuke chini ya nyuzi 60, la sivyo itawadhuru wale wanaokulisha. Feza ya kununulia bidhaa ya kesho isikae mfuko mmoja na feza ya nyumbani. Tena, kila jioni, kabla ya kusema «nimepata», andika mshahara wako mwenyewe katika hesabu. Kinachobaki baada ya hapo, hicho tu ndicho faida.