Daftari la Wiki: Chumba cha Mpwa

Mpwa wangu alishuka Stendi ya Magufuli Jumamosi alfajiri akiwa na begi moja, kiroba cha viazi na koti zito la baridi mkononi. Amepata kazi ya ukarani kwenye ghala moja huku Temeke. Kwao ni Makete, ambako mwezi Juni maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole. Hapa jasho lilikuwa limeshamlowesha kabla hatujapata daladala.

Chumba alishatafutiwa, Tandika, shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, na dalali naye ana mwezi wake mmoja. Piga hesabu: 560,000 zimetoka na kijana hajanunua hata kijiko. Usiku wa kwanza alilala juu ya boksi la friji alilopewa na jirani, koti akalifanya mto. Asubuhi akanionyesha orodha: kitanda, godoro, jiko, sufuria, ndoo, pazia, kabati. Nikamwambia kabati afute. Msumari na hanga vinatosha mwaka mzima.

*

Mgeni wa Dar es Salaam akitaka vyombo huambiwa neno moja, Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps iliyopita katika midomo yetu, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na ukijipenyeza Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi unaona wapagazi hawajaisha. Nilitaka kumwonyesha mpwa soko kuu alilolibuni Beda Amuli, lenye paa la miavuli iliyopinduliwa, lile lililoungua Julai 2021. Macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

Duka la kwanza, seti ya sufuria tano na mifuniko yake: 45,000. Mpwa aliuliza kwa adabu za kwetu, shikamoo kwanza, kisha "naomba kuuliza, hizi ni bei gani?" Tukiwa bado tunajishauri, akaja mama mmoja na kikapu. Yeye hakuuliza bei. Alisema, "Nifungie ile seti ya thelathini," huku anahesabu noti. Akafungiwa.

Tulihamia duka la tatu mbele, mpwa akakohoa kidogo, akasema, "Kaka, nifungie seti ya thelathini." Muuzaji akamtazama. "Thelathini na mbili, dogo." Ilikuwa 32,000. Shikamoo ilikuwa imetugharimu 13,000, na sijui nimwandikie nini dada yangu aliyemfundisha.

*

Nje ya soko, vipaza sauti: "Kila kitu buku! Buku, buku!" Chujio, mwiko, kikombe, vibanio vya nguo, kisu ambacho kitakata nyanya mara mbili. Mpwa alitoka na vitu kumi na moja. Sita havikuwa kwenye orodha.

*

Keko sasa. Ukipita Barabara ya Chang'ombe vitanda vimesimamishwa kando ya lami, vinang'aa vanishi, na mafundi wanakuita mzee hata kama mvi huna. Tulisimama mbele ya kitanda cha tano kwa sita, chekundu kama chai ya rangi.

"Mzee wangu, huu mninga mtupu. Laki tatu na nusu. Kwa kuwa ni wewe, laki tatu."

Mimi mbao sizijui. Nilipapasa ubao wa kichwani kama mtu anayejua. Mpwa alipiga magoti, akaingiza kichwa uvunguni ambako brashi ya vanishi haikufika, akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Mjomba, hii paini. Ya kwetu."

Baba yake ana shamba la miti, na huyu kijana amekua akipogoa matawi kila likizo. Basi paini ile ilitoka nyanda za juu kama yeye, pengine kwa barabara ileile ya Makambako, ikafika mjini mapema, ikapakwa rangi ikapewa jina la heshima. Fundi hakuona haya. Alicheka, "Sasa dogo, mninga wenyewe ungeuweza?" Kisha akatueleza bila kuombwa: kodi ya kibanda, vanishi, msasa, umeme wa randa, na vijana wawili wanaokula mchana. Nilimwamini. Ila nilikumbuka kuuliza kuhusu chaga, maana Keko kitanda ni kitanda na chaga ni habari nyingine. Kweli, zilikuwa 20,000 juu yake.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na kitanda kingine, kimepigwa randa tu, cheupe. Mteja aliweka oda, akalipa kianzio, akapotea. Hicho tulikichukua kwa 150,000 pamoja na chaga, paini isiyojifanya kitu kingine. Guta hadi Tandika ilikuwa 15,000, na mwenye guta hakushuka hata shilingi mia. Mwenye usafiri anajua kwamba kitanda ukishalipia huwezi kurudi nacho ofisini.

Godoro nilimkataza kubana. Vitu vya mtumba navipenda, ila godoro la mtu linakuja na kunguni wa mtu.

*

Jumatano mpwa aliniletea matumizi yake yameandikwa kwenye daftari la shule. Mkaa wa kopo kila jioni. Mafuta ya kula ya kupima, ya jero, kwa Mangi. Sabuni ya kipande. Kila mstari ni mdogo hauna kosa, lakini jumla ya siku nne iliniudhi. Tulikokotoa mpaka mwezi, mkaa wa kopo ukaipita bei ya kujaza mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo sita. Lakini mtungi wenyewe na kichomeo chake unalipa siku moja, na siku hiyo ndiyo hana.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo mwaka huo wa mwisho. Natamani walioandika wangekaa na lile daftari dakika kumi. Mtungi nilimkopesha mimi. Atalipa kwa viazi.

*

Alhamisi ofisini ilipita kadi ya mchango wa kicheni pati. Bibi harusi ataondoka na hotipoti, masufuria, blenda, vikombe vya kutosha msiba. Mimi nimechangia hafla hizi miaka ishirini, na sijawahi kuona mtu akimzungushia kadi kijana aliyeshuka basi na begi moja. Nilipomsimulia mpwa, alifikiri kidogo akauliza, "Kwa hiyo, mjomba, nioe kwanza ndipo nipate hotipoti?"

*

Ijumaa jioni nilimkuta kibarazani na mmachinga wa mabeseni, wale wanaopita wakibadilishana vyombo vya plastiki na nguo kuukuu. Mama wa chumba cha pili alikuwa anamsimamia mpwa kwenye majadiliano: "Mwanangu, usikubali beseni moja, koti zima hilo!" Walimaliza kwa mabeseni mawili, ndoo yenye mfuniko na jagi. Mmachinga alilivaa koti palepale, kwenye joto lile, ili mikono ibaki huru kubeba mzigo, akashika njia ya Mtongani.

"Na Juni ukienda kumsalimu mama yako?" nikamuuliza.

"Nitaazima lako, mjomba."

Langu niliacha Makete mwaka 2003.