Kijana wa Bangale, Dai Karatasi Yako



Ukame ukibisha hodi Tana River, magari hukata kona kutoka barabara ya Mwingi–Garissa na kuingia Bangale. Ni kampuni za ushauri, zimepewa kazi na mashirika: zijue mifugo mingapi imekufa, visima vipi vimekauka, watoto wangapi wamekonda. Na kazi yenyewe anaifanya nani? Wewe. Wewe ndiye unajua boma lipi limehama. Wewe ndiye unamuuliza mzee kwa Kiorma au Kisomali, halafu unajaza jibu kwa Kiingereza. Kwa siku 10 unaitwa mkusanyaji data. Siku ya 11 unaitwa nani?

Hapo ndipo penye dhuluma. Aliyekuja na gari anarudi Nairobi na ripoti yenye jina lake. Mwakani anakuja na cheo kipya. Wewe mwakani unaitwa kwa kazi ile ile, posho ile ile, kama vile ndio mara ya kwanza. Utafiti wa tano, bado wewe ni "kijana wa hapa" tu.

Watasema eti hamna shahada. Haya. Lakini kumuuliza mama aliyefiwa na ng'ombe wote mpaka akujibu kweli, huo si ujuzi? Kama si ujuzi, mbona wasimuulize wenyewe? Na aliyefanya tafiti tatu anakosa nini asisimamie kikundi?

Sasa sikia sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi katika kuajiri, mafunzo na kupandishwa cheo, iwe kwa kabila, dini au jinsia. Mwajiri akishtakiwa kwa hilo, ni yeye wa kuthibitisha hakubagua. Kifungu cha 51 kinasema ukifanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, ukimaliza upewe cheti cha utumishi: jina la mwajiri, jina lako, kazi gani, wapi, tangu lini mpaka lini. Si hisani hiyo, ni haki.

Tatizo ni kwamba kazi zetu nyingi haziishi hata wiki 2. Kwa hiyo cheti hicho hakikufikii, na mlango wa kupanda unabaki umefungwa. Dawa ni kudai mapema, kabla hujashika tableti, na mdai pamoja: mkataba ulioandikwa, malipo ya siku yaliyotajwa, barua ya kazi hata kama ni ya siku 5, na jina lako ndani ya ripoti. Aliyerudi mara ya tatu awe msimamizi. Mmoja akidai peke yake ataambiwa wako wengi nje. Mkidai nyote 20, watamleta nani anayejua njia ya malishoni?

Na tusijidanganye, dhuluma nyingine ni yetu wenyewe. Orodha ya majina ikipita kwa mkubwa wa kijiji, wanaoitwa ni watoto wa nyumba yake. Dada aliyemaliza kidato cha nne anaambiwa kazi ya porini si yake. Hatuwezi kudai usawa Nairobi na huku Bangale tunaunyima. Majina yabandikwe wazi, kila mtu ayasome.

Gari linalofuata liwakute mmeshakaa, mmeshakubaliana.